POSIX AIO na io_uring kwenye seva za Dodoma: mkataba mmoja, mashine mbili

Kinachopimwa hapa ni AIO ya POSIX, kiwango cha mifumo ya aina ya Unix, yaani zile fanksheni za kusoma na kuandika faili bila kukaa kusubiri diski, kama zinavyoletwa na maktaba ya glibc kwenye Linux. Kando yake tumeiweka io_uring, njia ya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) ya kufanya kazi hiyohiyo, kwa sababu ndiyo inayokimbiliwa siku hizi, na wengi hudhani imekifuta kiwango cha POSIX. Haijakifuta. Bei haina mjadala: glibc ni bure chini ya leseni ya LGPL, na liburing, maktaba ya kutumia io_uring, ni bure kwa LGPL au MIT, uchague mwenyewe. Gharama utailipia kwingine, kwenye usiku wa kutafuta hitilafu na kwenye rekodi zisizoonekana asubuhi.

Tuchukue mfano wa karibu. Soko la mazao la Kibaigwa, wilayani Kongwa, liko kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro. Tuseme kuna seva ya stakabadhi za mizani ya mahindi: kila kipimo ni rekodi ndogo inayoandikwa kwenye faili, na wakati huohuo karani anavuta ripoti ya mwezi mzima kutoka diski ileile. Programu ikiwa na uzi (thread, mkondo wa utekelezaji) mmoja na ikakwama ndani ya read() ya ripoti, mizani nayo inasubiri, na lori la nyuma linasubiri mizani. Wa kwanza kujaribiwa huwa ni O_NONBLOCK, bendera inayoomba wito usikwame, lakini kwa faili za kawaida za diski haifanyi chochote. Ukijaribu kuisajili faili kama hiyo kwenye epoll, njia ya Linux ya kungoja matukio, epoll_ctl inakataa kwa EPERM, kosa la "hairuhusiwi". Ofisi za Mji wa Serikali Mtumba zinazohifadhi majalada ya kidijitali zina umbo hilohilo la kazi, tofauti ni ukubwa wa faili tu.

Mkataba wenyewe

Kiwango kilitoka mwaka 1993 kwa jina la POSIX.1b, sehemu ya nyongeza za muda halisi. Tangu POSIX.1-2008 fanksheni hizi si za hiari tena. Ziko nane: aio_read, aio_write, aio_fsync, aio_error, aio_return, aio_suspend, aio_cancel na lio_listio. Uzuri wake uko katika kusema wazi nani anamiliki nini na kwa muda gani.

Ni kama kuacha debe la mahindi kwenye mashine ya kusaga, kisha ukapita sokoni. Debe ni lako, lakini mpaka unga utoke hulishiki, hulimwagi, huliazimi jirani. Katika AIO, debe ni bafa yako (eneo la kumbukumbu linalobeba data) pamoja na muundo wa aiocb unaoeleza ombi. Kuanzia pale aio_read inaporudisha 0, vyote viwili haviguswi mpaka kazi ikamilike. Hiyo 0 yenyewe maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, na haisemi lolote kuhusu data.

Hatua ziko hivi. Safisha aiocb yote kwa memset, maana taka zilizobaki kwenye sehemu usizojaza zinasomwa kama maagizo. Jaza aio_fildes, aio_offset, aio_buf na aio_nbytes. Aio_reqprio iwe 0. Kwenye aio_sigevent, inayosema utaarifiwaje, weka SIGEV_NONE kama utauliza mwenyewe. Tuma. Endelea na kazi nyingine. Ukitaka kusubiri, mpe aio_suspend orodha ya maombi na muda wa mwisho: inarudi likimalizika walau moja, na ikirudisha -1 angalia kama ni EAGAIN, muda umekwisha, au EINTR, ishara imeikatiza. Kisha uliza aio_error kwa kila ombi. EINPROGRESS ni bado, 0 ni tayari, ECANCELED ni limefutwa, na namba nyingine yoyote ni kosa halisi. Likiwa tayari, ita aio_return mara moja tu. Ukiita kabla ya wakati au mara ya pili, kiwango hakikulindi kwa lolote. Thamani inayorudi ni idadi ya baiti, na inaweza kuwa pungufu ya ulizoomba, kama ilivyo kwa read ya kawaida.

Kosa linaloua programu nyingi ni kuiweka aiocb, au bafa, kama kigeugeu cha ndani cha fanksheni. Fanksheni inarudi, eneo lile la kumbukumbu linapewa fanksheni nyingine, kisha diski inaleta data na kuimwaga juu ya vitu vya watu. Programu inaanguka dakika kadhaa baadaye, mahali pasipohusika kabisa, na kwenye kompyuta ya mwandishi yenye diski ya kasi haianguki hata siku moja. Tenga muundo mmoja kwa kila ombi, bafa yake iwe humohumo, na uachie kumbukumbu hiyo baada tu ya aio_return.

lio_listio hutuma maombi mengi kwa mkupuo. Ukiitumia na LIO_WAIT ikarudisha -1 yenye EIO, maana yake moja au zaidi limeshindwa. Lipi, utajua kwa kuuliza aio_error moja baada ya jingine. Tahadhari kwa wanaotaka programu ihamie mifumo mingine: kiwango kinahakikisha maombi 2 tu kwa mkupuo. Uliza sysconf kwa _SC_AIO_LISTIO_MAX, na uandike njia ya kushughulikia EAGAIN tangu siku ya kwanza.

Mashine ya glibc

Hapa ndipo alama zinapopungua. Kwenye Linux, POSIX AIO ya glibc haifanywi na kerneli. Maktaba inafungua nyuzi kwa siri, na kila uzi unaita pread au pwrite ya kawaida na kukwama wenyewe kwa niaba yako. Kiwango kinaruhusu hivyo, kwa hiyo si udanganyifu, lakini ni vema mnunuzi ajue anachonunua. Nyuzi hazizidi 20 usipobadilisha kwa aio_init, na aio_init ni nyongeza ya GNU inayotakiwa kuitwa kabla ya ombi la kwanza.

Jambo zito zaidi ni hili: maombi yote ya namba moja ya faili yanapangwa foleni moja na kuhudumiwa na uzi mmoja, moja baada ya jingine. Ukituma usomaji 32 kwenye faili moja la ripoti, diski inaona mmoja kwa wakati. Diski za NVMe zilitengenezwa kupokea maombi mengi kwa pamoja, na hapa unalipia barabara ya njia nne huku ukipita kwenye kijia cha miguu.

Wapo wanaoponya hilo kwa kufungua faili lilelile mara kadhaa ili wapate namba tofauti. Inafanya kazi, ila kuna shimo: kama programu inatumia kufuli za fcntl, kufunga namba moja tu ya faili hilo kunaachia kufuli zote ambazo programu ilikuwa nazo juu ya faili hilo. Kwenye faili la stakabadhi hilo ni janga. Funga namba zote kwa pamoja mwishoni, au tumia kufuli za aina ya F_OFD_SETLK.

Kuhusu taarifa za kumalizika: SIGEV_THREAD kwenye glibc inazaa uzi mpya kwa kila taarifa, kwa hiyo stakabadhi elfu ni nyuzi elfu zinazozaliwa na kufa. SIGEV_SIGNAL inakatiza wito mwingine wa kerneli na kukuletea EINTR mahali usipotarajia, na ndani ya kishughulikia ishara unaruhusiwa kuita fanksheni chache sana. Aio_error, aio_return na aio_suspend zimo. SIGEV_NONE pamoja na aio_suspend ndiyo njia isiyo na mitego.

aio_cancel ni ya kweli kiasi. Ombi lililo foleni linafutika na unapata AIO_CANCELED. Lililokwisha kushikwa na uzi halizuiliki, unapata AIO_NOTCANCELED, na debe bado liko mashineni. Programu nyingi huachia bafa hapa kwa haraka ya kufunga. Zikifanya hivyo zinarudi kwenye lile kosa la kwanza.

Kwa wanaotumia Ubuntu 20.04, ambayo ina glibc 2.31, kumbuka kuongeza -lrt wakati wa kuunganisha. Kuanzia glibc 2.34 fanksheni zimehamia kwenye libc yenyewe, hivyo 22.04 na 24.04 hazihitaji.

libaio, kwa ufupi

Jina linachanganya watu. libaio ni maktaba nyingine ya Linux; hutumia io_setup, io_submit na io_getevents za kerneli, na haihusiani na POSIX. Bila O_DIRECT, bendera ya kuikwepa kache ya kerneli, io_submit inaweza kukwama palepale kama read ya kawaida. Ukiwa na O_DIRECT, bafa, urefu na mahali pa kuanzia lazima vilingane na baiti 512 au 4096 kutegemea diski. La sivyo unapata EINVAL. Kikomo cha mfumo mzima kiko kwenye /proc/sys/fs/aio-max-nr, kwa kawaida 65536, na hifadhidata mbili kubwa kwenye seva moja zinaweza kukimaliza. Kwa mradi mpya hatuipendekezi.

io_uring

Ilianzishwa na Jens Axboe na kuingia Linux 5.1 mwaka 2019. Programu na kerneli zinashirikiana pete mbili za kumbukumbu: moja ya kutuma maombi, nyingine ya kupokea majibu. Kila ombi ni baiti 64, kila jibu baiti 16, na pete ya majibu kwa kawaida ni mara mbili ya pete ya maombi. Pete ya maombi 256 inakula kilobaiti 16 upande wa kutuma na 8 upande wa majibu. Ni kidogo, na wito mmoja wa io_uring_enter unaweza kutuma rundo zima na kusubiri majibu. Kwa usomaji wa maombi mengi kwenye faili moja, muundo huu hauna foleni ile ya uzi mmoja wa glibc.

Sasa angalia mkataba wake, maana hapa ndipo wanaohama huumia.

Kosa haliji kwenye errno, kigeugeu cha kawaida cha namba ya kosa. Linakuja ndani ya jibu kama namba hasi: -EIO, -EINVAL. Msimbo unaolinganisha na -1 pekee unameza makosa mengine yote.

Mpangilio haupo. POSIX inasema ukifungua faili kwa O_APPEND, maandishi ya aio_write yataongezwa kwa mpangilio ule ule ulioita. io_uring haikupi ahadi hiyo usipounganisha maombi mwenyewe.

Na fsync, wito wa kulazimisha data ifike diskini. Hili tungependa kila anayeandika rekodi za fedha alisome mara mbili. Katika POSIX, aio_fsync inahusu maombi yote ya faili hilo yaliyokuwa foleni wakati unaita. Ukituma aio_write kisha aio_fsync, fsync inalijua lile andiko. Katika io_uring, ukiweka andiko kwenye pete kisha fsync nyuma yake, hakuna kinachoilazimisha fsync kusubiri. Inaweza kumalizika kwa mafanikio huku stakabadhi haijafika popote. Dawa ni bendera ya IOSQE_IO_LINK kwenye ombi la kuandika, ili fsync ianze andiko likimalizika. Lakini mnyororo hukatika pia andiko likiwa pungufu, yaani uliomba baiti 512 zikaandikwa 300: fsync inarudi na -ECANCELED. Kwa hiyo soma majibu yote mawili, tuma kilichobaki, kisha fsync tena. Mteja asipewe karatasi kabla ya hapo.

Kufuta ombi kunalingana na kiwango vizuri kuliko inavyodhaniwa. IORING_OP_ASYNC_CANCEL ikileta 0, ni sawa na AIO_CANCELED. -EALREADY ni AIO_NOTCANCELED. -ENOENT ni kwamba ombi halikuonekana, kwa kawaida kwa sababu limekwisha. Ombi lililofutwa nalo linaleta jibu lake, -ECANCELED, na bafa inabaki mashineni mpaka jibu hilo lisomwe.

Mitego ya matoleo ni ya kukumbuka. Ubuntu 20.04 inakuja na kerneli 5.4. Kabla ya 5.5, pete ya majibu ikijaa, majibu yanaweza kudondoka, hivyo hesabu maombi yaliyo njiani yasizidi ukubwa wa pete hiyo. Kabla ya 5.12, kumbukumbu ya pete inahesabiwa kwenye kikomo cha RLIMIT_MEMLOCK, ambacho mara nyingi ni kilobaiti 64. Pete ya maombi 1024 peke yake inakijaza, na kuifungua kunagoma kwa ENOMEM hata seva ikiwa na kumbukumbu tele. SQPOLL, ile hali ya kerneli kuchungulia pete bila kuitwa, inaweza kushikilia kiini kizima cha kichakata. Kwenye mashine pepe ya viini 2 utakuwa umeigawa seva nusu kwa nusu.

Kisha kuna milango iliyofungwa. Mwaka 2023 Google ilieleza kuwa asilimia 60 ya mashambulizi ya kerneli yaliyowasilishwa kwenye programu yake ya zawadi yalipitia io_uring, ikaizima kwenye ChromeOS na kuibana kwenye Android. Mipangilio ya kawaida ya Docker inaizuia. Kuanzia Linux 6.6 kuna swichi ya kernel.io_uring_disabled: 0 inaruhusu wote, 1 inaruhusu wenye mamlaka au kundi lililotajwa, 2 inazuia wote. Anayepeleka programu kwenye chumba cha seva asichokisimamia yeye, na hapa Dodoma hiyo ndiyo hali ya kawaida kwa mifumo ya taasisi, ajiandae kukuta EPERM siku ya kusimika.

Tunachopendekeza

Andika safu yako nyembamba yenye mkataba wa POSIX, na chini yake weka mashine inayobadilika. Safu iwe na shughuli chache: tuma kusoma, tuma kuandika, tuma fsync inayojua maandiko yaliyotangulia, uliza hali, chukua jibu mara moja, futa. Sheria za debe ziwe zilezile kwa mashine zote. Programu ikianza, jaribu kufungua pete ya io_uring. Ukipata ENOSYS, kerneli ni ya zamani; EPERM, imezimwa; ENOMEM, punguza pete au ongeza kikomo. Ikishindikana, rudi kwenye nyuzi zako mwenyewe zenye pread na pwrite. Ndiyo, nyuzi zako, badala ya glibc AIO: ni mistari mia chache ya msimbo, unaamua idadi, na faili moja haliwekwi foleni moja.

Hifadhidata ya PostgreSQL 18, iliyotoka 2025, imejengwa kwa umbo hilohilo. Mpangilio wake wa io_method una sync, worker na io_uring, na wa kawaida ni worker, michakato ya pembeni isiyotegemea ruhusa ya mtu. Ukiwa msimamizi wa hifadhidata, anza nayo hiyo.

glibc AIO yenyewe inafaa pale ambapo faili ni nyingi na maombi kwa kila faili ni machache, au msimbo lazima ukompailiwe pia FreeBSD, ambako AIO iko ndani ya kerneli na inaweza kuleta taarifa kupitia kqueue. Inafaa pia darasani. Mwanafunzi wa informatiki pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) anayejifunza umiliki wa bafa atajifunza vizuri zaidi kwa aiocb kuliko kwa pete.

Kabla ya kuamini maneno yetu, pima kwa fio, zana ya kupima diski, kwenye diski utakayotumia:

fio --name=jaribio --filename=/data/jaribio --size=4g --rw=randread --bs=4k --iodepth=32 --direct=1 --runtime=60 --time_based --ioengine=posixaio

Rudia kwa libaio na io_uring. Usiangalie wastani pekee. Angalia mstari wa clat (muda wa ombi kukamilika) wa asilimia 99, kwa sababu huo ndio unaosimamisha mizani. Ukiondoa direct=1, faili liwe kubwa kuliko RAM, la sivyo unapima kache. Jaribio la posixaio lirudie kwa kuondoa filename na kuweka --directory=/data --nrfiles=8, uone foleni ya uzi mmoja inavyofunguka.

Jaribio la pili ni la umeme. Kukamilika kwa aio_write ni sawa na kurudi kwa write: data inaweza kuwa bado kwenye kumbukumbu. Panga programu iandike stakabadhi zenye namba mfululizo, na kila inapothibitisha moja itume namba hiyo kwa mtandao kwenye kompyuta nyingine. Kisha chomoa waya wa umeme wa seva, bila UPS. kill -9 haitoshi, kwa kuwa programu ikifa kerneli bado inashika data na itaiandika. Washa, soma namba ya mwisho iliyothibitishwa kwenye kompyuta ya pili, uitafute kwenye faili. Rudia mara kumi, kwa kila mashine utakayoiwezesha kwenye safu yako. Ikikosekana hata moja, angalia kwanza kama andiko na fsync vimeunganishwa, kisha kama jibu la andiko pungufu linasomwa, kisha ndipo uishuku diski.